Siku Tatu za Ruhusa

Jirani yetu Bi Herminia anadai kwamba siku ya kwanza ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro, kaka yangu Fidencio alikataa bilauri ya pulke, pombe yetu ya utomvu wa mkonge, mara mbili, na mara ya tatu mama yetu akaishika mwenyewe, akamwekea mkononi na kumwambia anywe, asituaibishe. Ameisimulia habari hiyo kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nje ya kanisa, na hapa dukani ninapouza, na kila mara anaongeza kitu. Juzi aliongeza kwamba mama alikuwa anacheka. Hapo alidanganya. Mengine ni kweli. Jagi nililibeba mimi.

Fidencio alikuwa ameapa mbele ya Bikira wa Guadalupe kutokunywa mwaka mzima, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyoapa, na padre akampa kadi yenye tarehe na sahihi. Miezi mitano hakugusa kitu. Lakini mwaka huu yeye ndiye alikuwa msimamizi wa sikukuu, na msimamizi akiikataa bilauri ya nyumba iliyoleta mishumaa ya sikukuu, nyumba hiyo itamnunia mpaka kaburini. Basi mama alikwenda kwa padre kumwombea ruhusa ya siku tatu, na padre akaziandika nyuma ya kadi.

Siku tatu zikaisha. Kaka hakuacha. Wiki ya tatu akatapika damu, na daktari wa zahanati akatuambia mimi na mama, bila kuzunguka, kwamba akiendelea hivyo hatafika Krismasi.

Mama akasema ataapa upya Jumapili. Mimi nikaanza kutafuta wale watu walioacha pombe wanaokutana pamoja. Kila mtu alikuwa amesikia habari zao na hakuna aliyejua walipo. Kwenye duka la dawa walinicheka, wakaniuliza kama nami nimeanza kunywa. Nikaacha kuuliza, nikawa natazama. Mzee Anselmo, fundi viatu, anaishi peke yake, hata paka hana, lakini kila Ijumaa ananunua kwangu kahawa nusu kilo na sukari kilo tatu. Mtu mmoja hanywi kahawa ya hivyo. Ijumaa iliyopita nilifunga duka mapema nikamfuata kwa mbali mpaka nyuma ya karakana ya matairi.

Palikuwa na wanaume kumi na mmoja, viti vya plastiki na sufuria ya kahawa. Mmoja mwenye kovu la shavuni aliuliza huyu ni mke wa nani, amekuja kupeleleza. Mwingine akasema mkewe naye alianza hivihivi, akaishia kuwasimulia majirani. Hakuna aliyenipisha kiti.

"Wewe unakunywa?" Mzee Anselmo akaniuliza.

Nikasema sinywi, nimekuja kwa ajili ya kaka yangu.

"Hapa haletwi mtu kama mbuzi. Yeye yuko wapi?"

Nikawaeleza yote, kiapo, kadi, siku tatu. Nilipofika kwenye siku tatu walicheka, kicheko kibaya, na yule wa kovu akasema mama yangu apewe kazi ya kuuza kwenye baa. Nilitamani kumpiga kwa sufuria. Mzee Anselmo peke yake hakucheka.

"Mimi nimeapa mara tisa, binti. Mara zote tisa nilihesabu siku kama mfungwa. Ikiisha ya mwisho, alfajiri niko mlangoni kwa muuza pulke, namgongea. Hapa hatuapi mwaka. Tunaacha leo. Kesho tukiamka, tunaacha tena. Na hapa hakuna siku ya sikukuu."

Nikauliza kama wanaweza kuja nyumbani kumchukua. Akasema hapana, aje kwa miguu yake, kesho saa kumi na mbili jioni, kabla ya Jumapili. "Akishapewa kadi nyingine atajiona amepona. Hatumwoni tena huyo."

Jumamosi alasiri nilimkuta mama anapiga pasi shati jeupe la Fidencio kwa ajili ya kiapo. Fidencio alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi, ndoo kando yake. Nikamweleza mama nilikokwenda.

Alisema nimeitembeza aibu ya nyumba yake kwa walevi. Kwamba wanaume wale husimama mbele ya watu na kuwasingizia mama zao. Kwamba anayemwacha Bikira akaenda kwa fundi viatu atakiona. Nikamwambia Bikira hakuomba siku tatu.

"Sema tena," mama akasema.

Nikamuuliza kama safari hii ameshaomba siku za ruhusa kwa padre. Akasema ni moja tu, ya Agosti, binti wa Fidencio atafanyiwa sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitano, na baba hawezi kuinua glasi ya maji mbele ya wageni. Akasema mimi sina mtoto, sina mume, nimeishia darasa la sita, nitajua nini.

Fidencio akakohoa kule ndani. Alikuwa anasikia yote.

"Obdulia," akaniita, sauti imekauka. "Hao watu, saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Kisha akasema, "Mama akisema niende, nitakwenda. Asiposema, siendi. Sitaki ugomvi tena humu ndani."

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Kutoka kwetu mpaka karakana, kwa mtu mgonjwa, ni nusu saa ya kutembea. Nilichukua viatu vyake chini ya meza, nikavifuta vumbi kwa gauni langu, nikaviweka mlangoni pa chumba.

"Mama," nikasema, "mwambie aende. Neno moja tu."

Mama alilowesha kidole kwa mate, akaigusa pasi kuona kama bado ina moto, akaigeuza kola ya shati la kiapo upande wa pili, akaendelea kupiga pasi.