Marinda ya Kiyoyozi

"Siendi," alisema Dereva kutoka kwenye kiti chake cha barazani, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukata shauri tangu jana. "Ndani ya tanuri lile sirudi. Mpigie daktari, mwambie nimepona."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye gari lao uani, mlango wazi, injini inanguruma, na mbele ya tundu la hewa la dashibodi alikuwa amefunga uzi mwekundu. Feni aliiweka namba nne, ya mwisho. Kelele ilikuwa ya kutosha kuamsha mtaa, lakini uzi ulining'inia tu, ukitikisika kwa shida.

Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuwahi kuona pindo bovu akalinyamazia, hata kama nguo ilikuwa ya mgeni na mgeni mwenyewe yumo ndani yake. Mumewe alibaki kuitwa Dereva ingawa moyo ulikuwa umemtoa kwenye usukani mwaka wa pili sasa. Miaka thelathini aliendesha mabasi. Na mwezi uliopita, katikati ya safari ya saa tatu kwenda hospitali, joto la gari dogo lilimwangusha. Bi Pindo alisimamisha gari kando ya barabara, akammwagia maji kichwani mbele ya watu, wakarudi nyumbani bila kufika.

Daktari wa moyo alikuwa amewapa nafasi nyingine, leo saa saba mchana. Baada ya leo hatarudi mpaka miezi mitatu ipite, na miguu ya Dereva ilikuwa imeanza kuvimba. Ilibidi waondoke saa nne. Sasa ilikuwa saa mbili.

"Fundi wa gereji kajaza gesi ya kiyoyozi mara mbili," Dereva aliendelea. "Alishindwa yeye, utaweza wewe na uzi?"

"Magari siyajui," alisema Bi Pindo. "Cherehani naijua."

Na hapo ndipo mtu anapomvulia kofia mwanamke huyu. Cherehani ikianza kuruka mishono, wengine huilaumu, huipiga kofi, humwita fundi. Yeye huanzia kwenye kibiringo cha uzi, anaufuata uzi kidole kwa kidole mpaka kwenye sindano, maana mahali fulani njiani pana kitu kimeukamata. Aliamua kuifuata baridi vivyo hivyo. Alifungua boneti, akagusa mabomba kwa nyuma ya mkono, taratibu, kama anayepima pasi.

Dereva alijikaza asiulize. Hakuweza.

"Bomba nene linasemaje?"

"Limelowa. Baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji."

"Na jembamba?"

"La moto."

Dereva alijiegemeza kitini. "Basi gesi ipo. Niliwaambia mimi."

"Uliwaambia lini?"

"Moyoni."

Bi Pindo alicheka, akarudi kwenye kiti cha abiria. Baridi ilikuwepo, basi. Feni nayo ilikuwepo, masikio yalishuhudia. Kilichokosekana ni njia kati ya hivyo viwili. Alizima injini, akachukua bisibisi ya cherehani, akafungua droo ya dashibodi na kuishusha. Nyuma yake palikuwa na mlango mdogo wa plastiki, na nyuma ya mlango palikuwa na nafasi ya kuingiza chujio la hewa. Nafasi ilikuwa tupu.

"Chujio halipo," alisema, na sauti yake ikapanda. "Yule fundi, Mungu anamwona. Hajatupoza, halafu kachukua hata chujio letu."

Barazani Dereva alikohoa. Alikohoa tena, na kikohozi cha pili hakikutoka kifuani.

"Usimlaani bure mtoto wa watu. Nililitoa mimi."

Bi Pindo alichungulia nje ya gari.

"Wakati wa harusi ya binti yetu," alisema Dereva, akiangalia viganja vyake. "Ulikuwa unasafirisha magauni, ukalalamika joto. Nikaona chujio limeziba, nikalitoa, hewa ikaja tele. Nikasema nitanunua lingine."

"Miaka minne, mzee."

"Ilikuja tele. Ulinisifu mwenyewe njia nzima."

Ni kweli alimsifu. Mwingine angeweka bisibisi chini na kuzifungua kesi zote za ndoa, tangu ya kwanza, na haki angekuwa nayo. Bi Pindo aliangalia kivuli cha ukuta kilivyokuwa kinafupika, akachukua tochi. Kesi ingesubiri. Daktari hasubiri.

Alimulika ndani kwa tochi. Pale ambapo pangeonekana vibati vyembamba vya kupozea hewa, vilivyosongamana kama meno ya kitana, aliona blanketi. Kila robota la kitambaa alilopakia, kila nguo aliyopeleka kwa wateja, iliacha vumbi lake la nyuzi, feni ikalivuta, na bila chujio likaenda kulala hapo.

"Usipinde vile vibati," alisema Dereva, na safari hii sauti ilikuwa karibu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, amevaa kandambili kwa ajili ya ule uvimbe, anahema kwa hatua kumi na mbili alizotembea. "Lete tochi. Huwezi kumulika na kuchokoa."

Bi Pindo alimwachia tochi. Alifanya kazi kwa sindano ya kufuma, kibanio na kibrashi cha cherehani, akivuta kutoka juu kwenda chini, bila pupa. Blanketi lilitoka vipande vipande, na lilikuwa na tabaka. Juu, buluu ya sare za shule. Kisha weusi wa majoho ya kwaya. Chini kabisa, likiwa limegandamana na bati, tabaka jembamba jeupe, na ndani yake punje moja ya ushanga.

Bi Pindo aliiweka ile punje kiganjani, akamwonyesha mumewe. Wote wawili walilijua lile gauni la binti yao.

"Mulika vizuri," alimwambia. "Kona ile bado."

Saa tatu na nusu alikuwa kwenye cherehani, akitengeneza chujio jipya. Alichukua kitambaa chepesi cha kuweka ndani ya kola, akakipuliza kwa mdomo kuona kama kinapitisha pumzi, akakikunja marinda membamba yaliyolingana, akayashona kingoni. Aliyahesabu: kumi na tisa. Hakuna mteja ambaye angeyaona maisha yake yote, na hata hivyo rinda la saba lilipokaa upande alilifumua akalirudia. Dereva alimtazama bila kumharakisha. Alimwonea fahari mkewe, na alimwonea haya pia.

Marinda yaliingia kwenye nafasi yake kama yamezaliwa humo. Droo ikapandishwa, injini ikawashwa. Chini ya gari maji yalianza kudondoka kwenye udongo mkavu, tone kwa tone, ishara kwamba baridi imepata njia.

"Ingia ujaribu tu," alisema Bi Pindo. "Ukiona joto, utashuka."

Aliingia kwa masharti hayo, akaacha kioo wazi na mkono kwenye kitasa. Walitoka uani, wakapita duka la kona, wakaingia barabara kuu ambako jua lilikuwa limekwisha kukolea. Bi Pindo aliangalia mbele.

Walipopita kituo cha mafuta, Dereva alipandisha kioo mwenyewe.

"Koti langu umeliweka wapi?" aliuliza.

"Kiti cha nyuma."

Alinyoosha mkono akalichukua, akalifunika juu ya magoti. Kwenye tundu la hewa uzi mwekundu ulikuwa bado umefungwa, umenyooka, ncha yake ikitetemeka kuelekea kifuani kwake.