Filimbi za Kanta

Kemunto alikuwa amechoka hata kabla ya kuvua koti. Tangu alfajiri alikuwa akipiga deki wadi ya wazee hospitalini, kisha akapanda basi hadi karakana ya Nechells, mjini Birmingham, na sasa mifupa ilikuwa ikimngoja mezani. Ilikuwa mifupa ya mabawa ya bata mzinga, iliyokwisha kuchemshwa, kukwanguliwa na kuunganishwa kwa gundi ikawa filimbi. Wawindaji wa Marekani ndio waliozinunua, ili kuwavutia bata mzinga karibu. Filimbi hizo hazipulizwi; mtu huibana midomoni akafyonza hewa, nayo hulia kama tetea anayeita dume.

Yeye na Kanta, mwenzake wa mezani, walikuwa wakizimalizia. Walizisugua kwa msasa laini, wakazungushia uzi mwekundu kwenye maungio, wakachora kwa ncha ya sindano, kisha wakapaka wino na kuufuta, ukabaki ndani ya mikwaruzo tu. Mwisho nta. Kemunto alichora majani, na majani yake yalifanana na vijiko. Kanta, ambaye kule Kisumu alikuwa akiwapaka maharusi hina, alichora manyoya, unyoya mmoja mmoja, ungedhani yatapeperuka.

Lakini sheria ya karakana ilikuwa kila mtu alize filimbi alizozipamba, maana sindano ikizama mno sauti huharibika. Na Kanta, Mhindu, alikuwa hajatia nyama kinywani tangu azaliwe. Kuishika mifupa tu kulikuwa adhabu ya kutosha. Kila jioni alinawa bombani kwa muda mrefu, macho yakiwa ukutani.

Kwa hiyo Kemunto aliziliza za Kanta pamoja na zake, kwa siri. Wakati wa kiangazi halikuwa jambo. Sasa ilikuwa baridi ya mwaka 1969, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Dada, leo nimekuwekea sita tu," Kanta alinong'ona.

"Sita tu! Kama vile ni chapati."

"Zingekuwa chapati usingelalamika."

Kemunto alicheka, na mdomo ukachanika upya. Akafyonza. Ladha ya nta, kisha ya damu. Ndani ya basi alikuwa amefumba macho akaomba, kama alivyoomba wiki nzima: Bwana, nipunguzie mzigo huu. Mpeleke huyu mama mahali pengine.

Baada ya chai, Fundi Gurdev, msimamizi wao, alikuja mezani. Alikuwa Singasinga wa Nairobi aliyewahi kufanya kazi karakana ya reli, na Kiswahili chake kilikuwa bado na mafuta ya mashine. Alichukua filimbi yenye manyoya.

"Mama Kanta, ilize hii nisikie."

Kanta aliitazama. "Fundi, siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni mfupa."

"Siku zote ulidhani ni muwa?" Kisha akapunguza sauti. "Mwenye karakana amesema asiyeweza kuliza kazi yake aondoke. Ijumaa iwe mwisho, mama. Na mimi nina bosi."

Kanta alikunja kitambaa chake cha wino. Mumewe, mwalimu, hakuwa amepata kazi tangu waingie Birmingham.

Kemunto aliweka filimbi chini. Ombi lake lilikuwa limejibiwa, karibu neno kwa neno. Akinyamaza tu, midomo itapona.

"Fundi," alisema, "zake nilikuwa nikiziliza mimi."

"Nani hajui? Zote zinalia kama kuku wa nyumba moja."

"Basi tazama majani yangu."

Gurdev alichukua filimbi ya Kemunto, akaigeuza kwenye mwanga. "Haya ni majani?"

"Umeona. Mpe yeye kazi yote ya sindano. Kuliza nipe mimi, zake na zangu."

"Kwa midomo hiyo?"

"Ni yangu, fundi."

Gurdev alikuna ndevu. "Nitamwambia mzee. Lakini moja tu ikirudi bubu, mnaondoka wote wawili."

Fundi alipokwenda, Kanta alifuta mikono. Alifungua mkoba, akatoa kikopo cha samli alichobeba kwa chakula chake, akakisukuma mbele ya Kemunto.

"Paka. Paka nyingi."

Kemunto alipaka. Filimbi zote zikaletwa upande wake kwenye sinia, za majani na za manyoya. Bwana, alisema moyoni, nilikuomba unipunguzie. Akachukua ya kwanza, akaibana midomoni.