Santuri Mia Tatu na Arobaini za Earline

Kila Jumatatu santuri zilizododa zilirudi kwa lori, na kazi ya Odessa Pruitt ilikuwa kuzitoboa. Aliiweka santuri chini ya mashine, akakanyaga pedali, kile kipande cha katikati chenye karatasi ya jina la mwimbaji kikadondokea ndooni. Plastiki iliyobaki ilisagwa, ikayeyushwa, ikachapwa santuri mpya. Lebo ya muziki ya Bwana Tolliver, pale Macon, Georgia, haikuwa ya kutupa kitu.

Jumatatu moja ya mwaka 1961 zilirudi mia tatu na arobaini za Earline, mdogo wake, aliyekufa kwa kifua mwezi mmoja baada ya kurekodi wimbo wake wa pekee. Haikuuzwa hata moja, na kanda yenyewe ilikwisha kufutwa akarekodiwa mtu mwingine. Odessa alizitoboa zote. Aliumia, tena sana, lakini kazi ni kazi. Baadaye kilichomtafuna ni kwamba angeweza kuficha moja chini ya aproni, na nani angejua?

Wiki iliyofuata Floyd, fundi wa kuchapa, alijaribu santuri mpya ya vijana wanne wa injili. Nyuma yao aliimba Earline. Aliwafuata bila kukosea, na ubeti wa pili ulipoisha akasema, "Dada Odessa, niletee maji," kama alivyomwambia studio siku ya kurekodi.

"Huyo si mdogo wako?" Floyd akauliza.

"Ndiye."

"Basi kaingia kwenye plastiki. Kesho nitapunguza moto."

Moto ulipunguzwa, Earline akaimba vilevile. Aliimba nyuma ya muziki wa bluzi, nyuma ya nyimbo za Krismasi, na hata nyuma ya mahubiri ya mchungaji mmoja wa Savannah yeye alisikika akiguna wimbo taratibu. Wateja wakaanza kuulizia zile zenye yule mwanamke, na lebo ikanenepa.

Odessa akavua aproni, akaenda ofisini. Bwana Tolliver alikuwa akila karanga za kuchemsha.

"Naomba jina la Earline liandikwe kwenye karatasi. Hata kwa herufi ndogo."

"Odessa, mama, nikiliandika watu watataka kumwona jukwaani. Nitamtoa wapi?"

"Si wanamsikia kila siku?"

"Kusikia ni kusikia. Rudi kazini, mama."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wanasema. Kwa Tolliver walimnyonga tu, haki wakabaki nayo.

Miaka ikaenda. Odessa hakuwa na mume wala mtoto. Jioni akitoka kazini alimsikia mdogo wake dirisha hadi dirisha, akiomba maji katika nyumba za watu. "Nakuja," alijibu peke yake barabarani. Akifika kwake aliweka santuri, na glasi ya maji kando yake. Wimbo ulipoisha glasi ilikuwa tupu, naye akaiosha.

Lebo ilikufa mwaka 1974, na Tolliver akaifuata. Floyd naye alizikwa, na waliomkumbuka Earline walikwisha kuhamia Kaskazini. Ndipo akaja Bwana Kessler kutoka Chicago, mwandishi wa historia ya ile lebo. Alikula vipande viwili vya pai ya viazi vitamu, kisha akauliza yule mwanamke ni nani.

"Earline Pruitt. Mdogo wangu."

"Una santuri yenye jina lake? Karatasi yoyote?"

"Nilizitoboa mwenyewe, mwanangu. Zote."

"Pole, mama. Kitabu kinataka ushahidi. Lakini usijali, kuna jina linasikika wazi kwenye kila santuri."

"Hilo ni langu. Mimi nilikuwa mleta maji tu!"

Bwana Kessler alitabasamu, kwa kuwa alipenda wazee wanyenyekevu.

Kitabu kilifika kwa posta majira ya kuchipua. Kwenye ukurasa wa tisini paliandikwa: sauti ya nyuma, Odessa Pruitt. Jumapili mchungaji aliusoma ukurasa huo madhabahuni, na kanisa zima likasimama kupiga makofi.

"Kumbe, Dada Odessa!" akapaza sauti kiongozi wa kwaya. "Miaka yote hii unajifanya huwezi hata pambio!"

Odessa alishika benchi la mbele, akasimama. Alifungua mdomo awaambie, nao wakanyamaza kimya, wakingoja aimbe.