Ndoo ya Ajolote

Doña Eustolia alikuwa amepiga magoti kwenye tope, watoto kumi na wawili wamemzunguka, anachovya karatasi ya kupimia amonia katika maji ya mfereji. Kwa miaka tisa alikuwa akiwapokea watoto wa shule za Xochimilco, huko Meksiko, shambani kwake: akiwaeleza jinsi wahenga wao walivyozoa tope la ziwa wakaumba mashamba juu ya maji, na habari za ajolote, yule mjusi wa majini ambaye mguu wake ukikatika huota mwingine. Kulikuwa na mungu, aliwaambia, aliyekimbia kifo akajigeuza ajolote.

Leo karatasi iligeuka kijani kibichi, ishara kwamba amonia imezidi. Maji yalinuka choo waziwazi, na povu la kijivu lilikuwa limeganda kwenye mizizi ya miti. Watoto waliziba pua.

Hapo ikatia nanga boti ya serikali ya mtaa. Akashuka afisa wake, Licenciado Berrueco, shati jeupe, na wapiga picha wawili na ndoo yenye ajolote ishirini waliozaliwa maabarani. Alitaka watoto wawaachie mferejini huku wakitabasamu. Eustolia akamweleza taratibu kwamba bomba la maji taka limepasuka tangu Februari, na barua tatu ameshaandika. Berrueco akajibu kwamba bomba ni suala la mwakani.

"Basi tia mkono," Eustolia akasema.

"Wapi?"

"Humo. Mpaka kwenye kiwiko. Ukishatoa, tutawatia na hao."

Akatazama mkono wa shati lake, akacheka. "Doña, usiniaibishe mbele ya watoto."

Uvundo wa mfereji Eustolia alikwisha kuuzoea. Kilichomshinda ni marashi ya Berrueco, na lile tabasamu ambalo halikumtoka mtu yule hata alipokuwa amesimama juu ya kinyesi.

"Mwalimu, si watakufa?" akauliza Yaretzi, mwenye miaka minane.

"Watakufa. Jumapili hawaifikii."

Hakuna mtoto aliyeigusa ndoo. Berrueco akaiinua mwenyewe, akamwaga, kamera zikalia, akapanda tena, boti ikageuza.

Eustolia akavua viatu, akaingia mferejini na sketi yake kuwatafuta. Maji yakamfika kifuani, vuguvugu, mazito, na kitu laini kikamgusa shingo. Akafumba mdomo. Ukingoni watoto walijaza pipa maji ya mvua, kisha wakamwonyesha kwa vidole kila mahali povu lilipotikisika.

Ajolote walipofika saba ndani ya pipa, alikuwa bado anapapasa.