Wimbo wa Mivukuto

Fuu! Fu-fu. Fuu-fu!

Mivukuto ilisikika hadi njia ya Musonoi, ikihema ovyo kama mbwa waliokimbizwa. Kisimba alimwongoza nyanya yake, Kambo Laurentine, asiyeona tena, akamketisha upande usio na moshi. Kesho nyanya angehamia Sandoa kwa binti yake, maana mgodi ulikuwa umeumeza mtaa wao. Kisimba aliapa kwamba nyanya yake hatoondoka mikono mitupu.

Baba yake Kambo alikuwa myeyushaji wa shaba, kama baba zake. Wazungu walimchapa viboko mbele ya wanawe, wakalibomoa tanuru lake kwa mateke, wakasema mtu mweusi hakuwahi kuijua shaba. Hata shuleni Kisimba alifundishwa hivyo: shaba ilikuja na reli.

Sasa tanuru alilolijenga Kisimba kwa udongo wa kichuguu lilijaa mawe ya kijani yenye shaba na makaa ya mti wa mubanga, lakini tangu asubuhi lilitema moshi tu.

"Eh, poète!" akacheka Tata Baudouin, mwalimu mstaafu, akimwita Kisimba mshairi. "Mashairi haiyeyushe mawe. Bila bazungu, ile mawe tungekuwa tunatupia ndege!"

"Ukae karibu, Tata," Kisimba akamjibu. "Kesho usiseme hukuona."

Glodi na Mukalay, wachimbaji wenzake Kisimba, walivukuta huku wakigombana.

"We unakimbia!"

"We ndiye unalala!"

"Banapigana na moto," Kambo alinong'ona. Kidole chake kikaanza kugonga goti: ndefu, fupi, fupi, ndefu.

Kisimba akaganda. Mapigo yale ndiyo yaliyomlaza utotoni, mgongoni mwa Kambo! Baba yake Kambo, alipokatazwa kuvukuta, aliuficha wimbo wa tanuru katika wimbo wa kubembeleza. Nani angemkamata mama anayemlaza mtoto?

Kisimba akauimba kwa sauti ya kupasua anga. Glodi akaudaka, Mukalay akafuata. Fuuu, fu-fu, fuuu. Mivukuto ikawa pafu moja. Moto ukageuka kijani, tanuru likanguruma, na shaba ikachuruzika, nyekundu kama jua linalozaliwa, ikajaza umbo la msalaba lililochimbwa mchangani, kama walivyoimimina wahenga. Hata Baudouin alirusha kofia.

Msalaba ulipopoa, Kambo aliupapasa ncha kwa ncha, akacheka kama msichana. "Baba hakudanganya," alisema.

Kisimba akapiga goti. "Kambo, sikia, na hawa wote basikie. Kiangazi kinachokuja mi nitajenga lingine kule mtoni, palepale walipobomoa la baba yako. Batoto ba Musonoi ndio batavukuta. Na we ndiye utabaimbia: nitakuja kukuchukua Sandoa mi mwenyewe."