Neno la Kurudisha

Mama Muối aligombana na Kivietnamu kama vile kilimtukania mzazi. Alizaliwa Chợ Lớn, mtaa wa Wachina kusini mwa Vietnam, nyuma ya duka la dawa za mitishamba, na kwa miaka hamsini aliuza figili za chumvi sokoni kwa Kivietnamu hichohicho, lakini akishavua ndala mlangoni kwake alikiita lugha ya kuokoteza. Kichina cha kwao, Kitieu, alisema ni mti mzima. Kivietnamu ni kuni tu, tena za wizi.

Alikuwa na hesabu yake ya mezani, akigonga bakuli kwa vijiti vya kulia. Neno la shule, letu. La serikali, letu. La ndoa, letu. Hata neno la furaha mliazima kwetu, na mpaka leo hamjarudisha! Na sauti je, za kupandisha na kushusha neno? Sisi tunazo nane, nyinyi sita, na nyinyi wa huku kusini moja mmeidondosha njiani mkabaki na tano. Basi ndiyo lugha hiyo?

Aliyekuwa akimwagiwa hayo yote ni Xuyến, mke wa mwanawe, binti Mvietnamu wa Bến Tre kwenye minazi, aliyeolewa pale akiwa na miaka ishirini. Kwa miaka ishirini na miwili mama mkwe hakulitaja jina lake hata siku moja. Alimpa la Kitieu, neno fupi lenye maana ya mbwa wa jikoni, na ndilo alilomwitia mbele ya wageni na mbele ya mume wake Xuyến, ambaye kazi yake ilikuwa kuinamia bakuli. Xuyến alipojaribu kujifunza Kitieu ili apendwe, kila sauti aliyoikosea aligongwa vidole kwa kijiti. Akajifunza hivyohivyo, kwa maumivu, na aibu ikamfanya anyamaze nacho moyoni.

Siku moja tu alijibu. Alisema, tena kwa upole, kwamba ni kweli maneno ya shule na serikali yalitoka kwa Wachina, lakini neno la maji ni la Wavietnamu wenyewe, na la wali, na la mama, kwa hiyo mtu akibanwa na kiu hana haja ya kuazima. Mama Muối akammwagia uji wa moto mkononi. Kovu lile lipo hadi leo.

Uji ulipoa, lakini kuna jambo halikupoa. Xuyến alikuwa na mtoto mmoja, Ngân, aliyekufa kwa homa ya dengi akiwa na miaka tisa. Aliomba picha yake iwekwe kwenye meza ya wazee, pale penye udi na majina ya marehemu wa ukoo wa Kha. Mama Muối akakataa katakata. Kwa desturi yao, mtoto wa kike akifa kabla ya kuolewa hana kiti pale. Picha ikatundikwa jikoni, juu ya pipa la mchele, na moshi wa mafuta ukaanza kumla mtoto uso.

Mume naye akafa kwa ini. Shemeji wawili walikuwa Kanada, wanatuma biskuti. Wakabaki wanawake wawili wanaochukiana katika nyumba moja nyembamba, na hapo ndipo kiharusi kikamwangukia Mama Muối.

Alipozinduka hospitalini, neno la kwanza lilikuwa maji. Alilisema kwa Kivietnamu. La pili pia, na la tatu. Kitieu kilikuwa kimekwenda chote, hakubaki nacho hata cha kusalimia. Daktari alisema hutokea, lugha ya utotoni ikafutika na ya sokoni ikabaki. Wakamfungulia opera ya Kichina kwenye televisheni, akaitazama vile mtu anavyotazama mvua. Akalia. Xuyến alimpangusa makamasi, na wala nisikufiche, moyoni alifurahi.

Ikafika siku ya kumkumbuka baba mkwe. Asubuhi Xuyến alichemsha kuku mzima, akapanga nyama ya nguruwe ya kuchoma, keki nyekundu za mchele, chai vikombe vitatu. Lakini chakula hakiliwi na wazee mpaka waitwe. Mkubwa wa nyumba husimama akawataja mmoja mmoja kwa jina, kwa Kitieu, kuanzia babu wa kwanza aliyeshuka melini, na asiyetajwa hubaki kizingitini na njaa yake. Mama Muối alikuwa akisema siku zote kwamba wazee wale hawakujifunza Kivietnamu. Ukiwaita kwacho watadhani ni polisi. Na sasa yeye mwenyewe alijua kwamba hana siku nyingi. Wasipoitwa leo, nani atampokea huko aendako?

Akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya meza, mdomo wazi, hana neno.

"Waite wewe," akamwambia Xuyến. "Umesikia miaka yote kutoka jikoni. Najua unayajua."

"Nitawaita, Mama. Nina ombi moja. Mwisho kabisa, nimtaje Ngân."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini bibi huyu shingo yake haikuumbwa kwa kuinama.

"Huyo hapana," alisema. "Hii ni meza ya wazee, si chekechea. Hata nikifa mimi, hana kiti."

Xuyến akasema sawa, Mama. Akawasha udi, akasimama wima, akaanza kwa mahadhi yaleyale ya kuitia, yenye kupanda na kushuka, sauti zote nane zikiwa mahali pake. Na maneno aliyoyasema kwa Kitieu ndiyo haya: wazee wa Kha, rudini mlikotoka, leo meza si yenu. Mwanamke huyu hana tena lugha ya kusema nanyi. Akibisha mlangoni kwenu, msimfungulie. Ngân, mwanangu, ingia ule. Paja la kuku ni lako.

Mama Muối hakuelewa hata moja, lakini mahadhi aliyajua. Kila Xuyến alipopumua, yeye aliinama akifuta machozi. Kisha zikarushwa sarafu mbili za kale kwenye kisahani, kuuliza kama walioitwa wamefika. Moja ikalala chali, moja kifudifudi. Wamefika. Bibi akacheka kwa ufizi mtupu, na Xuyến akalitenga lile paja kwenye bakuli dogo.

Walipomaliza kula, bibi akamshika mkono, uleule wenye kovu.

"Mwanangu," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. "Nikifika kule wataniuliza, wewe nani? Nifundishe jina langu tu, kwa lugha yetu. Nisije nikasimama nje."

Jina la kweli lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Xuyến. Sitamsingizia, alikuwa analitoa. Lakini alipogeuza uso aliona jikoni, na juu ya pipa la mchele picha imekuwa nyeusi, pua tu ndiyo inaonekana. Akalimeza. Akamfundisha lile jingine.

Mama Muối alilirudia jioni nzima huku akijigusa kifua. Mbwa wa jikoni. Mbwa wa jikoni. Alipokosea, Xuyến alichukua kijiti cha kulia akamgonga vidole.

"Mwishoni unashusha, Mama. Tena."

Baada ya wiki mbili alikuwa analitamka vizuri ajabu, na shemeji mkubwa alipopiga simu ya video kutoka Kanada, bibi aliona amwonyeshe mwanawe kwamba lugha imeanza kurudi. Akajiweka sawa kitini, akatabasamu, akajitambulisha.

 Shemeji akaomba apewe Xuyến.

"Nani amemfundisha mama neno hilo?"

"Ni lake, shemeji," alisema Xuyến. "Aliniazima siku ya harusi. Nimemrudishia."

Akazima simu, akampeleka bibi dirishani apate upepo, akaenda kuosha vyombo. Nyuma yake bibi alikuwa bado anajizoeza.