Kibati Kwenye Msumari

Maporomoko yale yana saa za kazi kama duka. Siku za kawaida mto wote humezwa na bomba kubwa huko juu kilimani, ukashushwa gizani kuzungusha mitambo ya umeme, na jabali likabaki kavu kama kisigino. Jumapili saa nane mchana lango hufunguliwa nusu saa, wageni wapige picha zao, kisha linafungwa. Mzee Gurudumu aliyajua hayo kuliko wote. Miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyezungusha gurudumu la lango, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Jumapili hiyo alikuja na tiketi mkononi kama mgeni, na shemeji yake, mjane wa mdogo wake, akimfuata hatua mbili nyuma. Miaka kumi na moja mama huyu alikataa kupaona. Lakini juzi mwanawe alikwenda kuomba kazi mtamboni, wakamrudishia mlangoni: "Si wewe ni mtoto wa yule asiyetundika kibati?"

"Nipeleke, shemeji," alikuwa amesema. "Nikapaone panapomtukanisha mwanangu."

"Pale pana utelezi, na miguu yako hiyo..."

"Miguu yangu iache. Kwani nimekuomba mgongo?"

Wakasimama kwenye ukingo wa chuma na wageni kama kumi hivi. Mtembeza wageni, mwenye kofia ya njano na koo la mnadani, alikuwa akieleza. Anayeshuka jabalini kukwangua utelezi na kuokota takataka, alisema, hutundika kwanza kibati chenye namba yake kwenye msumari ulio juu ya gurudumu. Kibati kikiwapo, lango halifunguliwi, hata aje nani.

"Sasa kuna mmoja alijifanya mjuaji, akashuka bila kutundika. Maji yakamchukua kama kipande cha sabuni. Uzembe, ndugu zangu, hauna dawa!"

Mwenye kamera akacheka. Shemeji alijifunga mtandio upya, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu kizito.

"Shemeji, siku ile zamu ilikuwa yako. Hakukuambia kwamba anashuka?"

"Kibati hakikuwapo," Gurudumu alijibu. Ndiyo maneno yaleyale aliyowapa wakubwa kikaoni, na yalikuwa kweli. Asiyekuwepo na lake halipo. Marehemu hakuwa na wa kumsemea.

Kweli nyingine ilikuwa hii. Ndugu wale wawili hawakuwa wakitundikiana vibati. Mdogo alipita tu kwenye dirisha la kibanda cha lango: "Kaka, nashuka," naye akajibiwa, "Shuka, kibati chako ni mimi." Vibati vilikuwa vya watu baki. Asubuhi ile pia alipita, akasema, akajibiwa. Halafu simu ikalia: wakubwa wamefika mapema na wapiga picha wao, wanataka maji sasa hivi. Gurudumu akatazama msumari. Mtupu. Akabonyeza king'ora, akazungusha. Waliokuwa ukingoni walisema mdogo wake alikisikia king'ora, akainua kichwa, akaendelea kukwangua. Akimbie nini? Langoni yuko kaka. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hawakuwahi kusimama chini ya lango.

Saa nane ikafika, king'ora kikalia. Maji yakaja, yakagonga jabali, chuma kikatetemeka mikononi, wageni wakashangilia. Hapo ndipo Gurudumu alipofungua mdomo. Katika ngurumo ile mtu asingesikia hata akiitwa jina lake, naye alilijua hilo.

"Aliniambia! Alipita dirishani akaniambia anashuka! Nikasahau!"

Akasema mara ya pili, akasema ya tatu, mate yakichanganyika na manyunyu, akahisi kifua kinalegea kama mtu aliyetua gunia. Kwa nusu saa alikuwa mtu huru.

Lango likafungwa. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone. Shemeji muda wote alikuwa akitazama mdomo wake, si maporomoko.

"Sasa maji yamefungwa," alisema taratibu. "Rudia."

"Shemeji, twende nyumbani, tutaongea..."

"Nyumbani umekuja miaka kumi na moja. Ukala, ukanawa, ukaaga. Rudia hapa."

Akarudia, kwa sauti ya mgonjwa. Mama yule hakulia, wala hakumpiga. Alimshika mkono kama anayevusha kipofu, akampeleka hadi kwa mwenye kofia ya njano.

"Baba, wasimamishe wageni wako kidogo. Hadithi yako ina kipande kimebaki, na mwenye nacho ni huyu."

"Mama, muda umekwisha, kuna kundi lingine linasubiri..."

"Hana maneno mengi."

Wageni wakageuka. Simu moja ikainuliwa kumpiga picha. Gurudumu alitazama juu kwenye kibanda cha lango, dirisha lilelile. Alipogeuka kumtafuta shemeji, alimwona yuko ngazini, anapanda peke yake, hashiki chuma, hatazami nyuma. Angeweza kunyamaza sasa. Hakuna aliyemshikilia.

"Yule hakuwa mzembe," alianza. "Alikuwa mdogo wangu."

"Paza sauti, mzee," mwenye simu akamwambia. "Hatusikii."